Wageni wananiambia naongea Kihispania kama kitabu. Nifanyeje nisikike kama mtu?

Dereva wa Ngaramtoni

Wakubwa shikamooni, wadogo habari za kutwa.

Mimi ni dereva na mwongoza watalii hapa Arusha, mwaka wa kumi na nne huu. Kiingereza kinanilisha bila shida. Miaka mitatu nyuma bosi alitangaza kwamba atakayejua Kihispania ndiye atakabidhiwa wageni wa Hispania. Hao Agosti wanamiminika, maana ndio mwezi wao mkubwa wa likizo, na unaangukia palepale nyumbu wanapovuka mto Mara kule Kogatende. Nikasema isiwe tabu. Programu ya simu kila alfajiri kabla ya kuosha gari, kitabu cha sarufi cha Kiingereza nilichokipata kwa wauza vitabu vya mitumba, na daftari la kurasa mia mbili ambalo sasa limejaa vitenzi hadi kwenye jalada. Niamshe usiku wa manane uniulize "tener" katika wakati wowote, nakutajia.

Shida inaanza nikifungua mdomo mbele ya wenyewe. Wananielewa, ila wananisikiliza kama watu wanaosikiliza taarifa ya habari ya saa mbili. Mama mmoja wa Zaragoza aliniwekea mkono begani akasema, "Hablas como un libro." Unaongea kama kitabu. Mpaka leo sijui alinisifu au alinipa pole.

Niwape visa viwili mnielewe.

Cha kwanza kilitokea Naabi, pale getini, uwanda wote wa Serengeti ukiwa mbele yetu. Nikapandisha paa la gari, nikavuta pumzi, nikatangaza kwa sauti ya sherehe: "¡Bienvenidos a la sábana africana!" Kimya. Halafu mzee mmoja wa nyuma, bila hata kutabasamu: "Pues a mí se me ha pegado esta mañana." Gari zima likaangua kicheko, na mimi nikacheka nao bila kujua ninachekea nini. Usiku nikafungua daftari. "Sabana", mkazo katikati, ndiyo mbuga. "Sábana", mkazo mwanzoni, ni shuka la kitandani. Niliwakaribisha watu sita kwenye shuka la Afrika! Na huyo mzee alikuwa anatania kwa msemo wao: aliyechelewa kuamka, shuka limemgandia. Kinachoniuma ni kwamba ningelitamka kivivu, kama ninavyotamka Kiswahili, ningepatia. Nililiwekea mkazo wa mwanzo kwa sababu niliona unapendeza.

Cha pili, tumepata pancha mbele ya Seronera. Nikashuka, nikakagua, nikarudi dirishani kuwaarifu: "Yo he roto la rueda." Dada mmoja akanitazama kwa hofu akauliza kwa nini. Nikaanza kumweleza kuhusu mawe ya barabarani, yeye anazidi kurudi nyuma kwenye kiti. Baadaye ndipo nikang'amua kwamba nilimwambia mimi ndiye nimelivunja gurudumu, kama vile nililikusudia.

Sarufi ninayo. Maneno ninayo. Wao kwa wao wakianza soga kwenye gari nashika neno moja kati ya manne, na nikijitosa, mazungumzo yanasimama ili nimalize hotuba yangu. Wenye uzoefu na hii lugha, hasa mliokaa huko, mlivukaje hapa?

---

Mtoto wa Unga Ltd

Mkuu weka "hombre", yaani mwanaume, mwisho wa kila sentensi na uongee haraka haraka. Kihispania changu mimi nilikipata kwenye La Liga na hakijawahi kuniangusha. Golazo hombre.

---

Mwana wa Mkunazini

Kaka dereva, marahaba kama mimi ni mkubwa, na kama si mkubwa nirudishie shikamoo yangu.

Nipo Madrid, mtaa wa Lavapiés, mwaka wa tisa. Namhudumia bibi wa miaka themanini na saba ambaye kazi yake kuu ni kunisahihisha. Kwanza nikutoe wasiwasi: "hablar como un libro" kwao ni sifa, mtu anayesema kwa ufasaha. Ila mkono begani, hapo kuna pole kidogo ndani yake.

Ugonjwa wako naujua kwa sababu niliugua mimi. Unatoka Arusha kwenda Moshi kupitia Dar es Salaam. Unawaza Kiswahili, unakipeleka kwenye Kiingereza, kisha ndiyo unakitafuta Kihispania. Kitabu chako ni cha Kiingereza, kimeandikwa kwa ajili ya matatizo ya Waingereza. Wewe matatizo hayo huna! Uchukue huo mfano wako wa pancha. Kiswahili gari likikufia husemi "nimevunja gari". Unasema "nimeharibikiwa gari". Funguo zisipoonekana, "nimepotelewa na funguo". Kikombe kikianguka, "kimeniponyoka". Lugha yetu inajua tofauti kati ya aliyetenda na aliyepatwa, na Kihispania kinaijua vilevile: "se nos ha pinchado una rueda", "se me han perdido las llaves", "se me ha caído". Hiyo "se me" Waingereza wanaisomea miaka. Mimi bibi aliponisikia kwa mara ya kwanza nikisema "se me ha quemado el arroz", alisema sasa umeanza kuongea. Wali wenyewe ulikuwa mkaa.

Sasa hiyo "yo" yako. Nina hakika unasema "yo quiero, yo tengo, yo voy". Kwani wewe Kiswahili unasema "mimi nataka, mimi nina, mimi naenda"? Ukisema hivyo watu watadhani unagombana na mtu. "Nataka" inatosha, "quiero" inatosha. "Yo" iweke pale ambapo ungeweka "mimi" kwa nguvu: wengine wanataka chai, mimi nataka kahawa.

Halafu lile lidudu ambalo vitabu vinalitisha watu nalo, subjuntivo. Unalo tokea utotoni. "Sitaki mshuke garini": shuka imekuwa shuke. "No quiero que bajéis del coche": baja imekuwa baje. Yaani hata irabu ni ileile, a inageuka e, kwa vitenzi vyote vya -ar. Vya -er na -ir ndivyo vinavyokwenda kinyume, "come" inakuwa "coma". "Mwambie aje", "dile que venga". Ukisikia mdomo wako unataka kusema "aje, aende, wakae", hapo hapo tia subjuntivo, mara nyingi mno utapatia.

Na vile vineno vidogo ambavyo kitabu hakivipi heshima, ndivyo vinavyomfanya mtu asikike mtu. "O sea" ni yaani. "A ver" ni hebu. "Venga" ni haya, na wanaitumia kama sisi kabisa. Msikilize Mhispania akikata simu: "venga, vale, venga, hasta luego, venga", na sisi "haya, haya basi, haya". "¡Qué va!" ni aa wapi! "¿Es que no lo sabes?" ni "kwani hujui?" Mtu wa Madrid hiyo "es que" anaitamka kama "ekhke", wenzake wa mikoa wanamcheka. "O sea que eres de Arusha", kumbe wewe wa Arusha. "Pues" sina neno lake moja, mara ni basi, mara ni aa, mara ni pumzi tu.

Moja nilipoligundua nilisimama jikoni nikacheka peke yangu. Bibi alikuwa amenikataza kuacha dirisha wazi, mvua ikanyesha, zulia likalowa. Akaja na mkongojo wake: "¡Si te lo dije!" Nikasikia "si nilikwambia!" Neno lilelile, mahali palepale, hasira ileile.

Tuje kwenye sauti. Hapa watu wa pwani tumebarikiwa, mtanisamehe wa bara. Sema thelathini: hiyo th ndiyo "gracias" na "cerveza" ya Madrid. Sema dhahabu: hiyo dh, uilegeze kidogo, ndiyo d ya "nada" na "helado". Kheri, ndiyo j ya "jirafa". Ghali, ilegeze nayo, ndiyo g ya katikati ya "amigo". Sauti nne ambazo mwalimu wangu Zanzibar alinichapia fimbo nisizitamke s, z, h na g, leo zinanilipa. Ng'ombe zako za Ngaramtoni sina haja ya kuzigusa. V itamke kama b. Na rr uizungushe mpaka ulimi uchoke, maana "pero" ni lakini na "perro" ni mbwa, na wewe mtu wa wanyama litakukuta tu.

Mkazo ndio jini letu. Kiswahili karibu chote mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo tunayapiga maneno yote huko. "Hablo" ni naongea, "habló" ni aliongea. Hapo hakuna dawa, ila usijitungie kama ulivyofanya na shuka.

Na kuna mahali Kiswahili kitakusaliti. Ukiitwa, sisi tunaitika "naja!" Wao "¡voy!", yaani naenda. Usiseme "¡vengo!" mtu akikuita hemani. Lakini ukiwa unaondoka kidogo utarudi, ile "nakuja" tunayosema huku tumeshageuza mgongo, wao pia wanasema "ahora vengo". Wazungu wengine hilo linawachanganya, wewe halitakuchanganya.

La mwisho nina sufuria jikoni. Kuomba. Usiende na "¿puedo tener un café, por favor?" Hiyo ni London tena. Ingia bar, sema "¿me pones un café con leche?" Niwekee. Ni vitenzi vyetu vya kutendea hivyo! "Por favor" wanayo, ila hawainyunyizi kila sentensi, kama sisi na "tafadhali", ambayo ukiisema sana unasikika kama tangazo la kiwanja cha ndege.

---

Daktari wa Kisumu

Nimesoma hayo ya Madrid na nimefurahi, lakini ngoja niwape upande wa pili wa bahari kabla dereva hajatoka mbio.

Mimi nilisomea udaktari Cuba. Huko hakuna th wala kh. "Gracias" ni s tu, "jefe" ni h laini kabisa, na s ya mwisho wa silabi wanaimeza: "más o menos" inakuja "ma o meno". Kwa hivyo mtu wa bara asikate tamaa kwamba hakuzaliwa Unguja. Wanaotamka s ni wengi kuliko wanaotamka th, kwa mbali sana. Amerika ya Kilatini yote, visiwa vya Canarias na sehemu ya Andalucía. Chagua moja, shikamana nayo. Usichanganye.

Pili, na hapa natofautiana na dada kidogo, kusikika kiasili si kujaza vineno. Mwaka wa pili nilikuwa nimejifunza maneno ya vijana wa mtaani, nikaona nimefika. Asubuhi moja tukiwa kwenye raundi ya wodi profesa akaingia, mimi kwa furaha zangu nikamwambia "¿Qué bolá, asere?" Hiyo ni "niaje, buda". Wagonjwa wenyewe walinyamaza. Profesa akanijibu kwa "usted", ile "wewe" yao ya heshima na umbali, wiki nzima, na hiyo ilikuwa adhabu. Lugha ya kiasili ni ile inayomfaa mtu wa umri wako, kazi yako, mbele ya yule uliye naye. Mwafrika wa miaka arobaini akitumia maneno ya kijana wa Havana wa miaka kumi na minane anasikika mgeni kuliko angeongea kama kitabu.

Kilichonisaidia mimi ni kusikiliza kwa sauti. Sisi mtu akiongea tunamwitikia: ehee, enhe, kweli, ala! Lakini nikihamia Kihispania nilikuwa nanyamaza kabisa kwa sababu akili yote ilikuwa inatafsiri, na wao wakadhani nimechoka nao. Rafiki yangu mmoja wa bweni akaniuliza kama nimemkasirikia. Nikaanza kutupia "claro", "ya", "¿ah, sí?", "no me digas". Sikuwa naelewa hata nusu! Lakini watu walianza kuniongelesha zaidi, na kwa kuniongelesha ndiyo nikaelewa. Dereva, hiyo ndiyo njia yako ya kuingia kwenye soga ya gari. Usingoje upate sentensi nzima. Na wakikukatiza usikasirike, kukatizana kwao ni kushirikiana.

Kingine, uliza mgeni katoka wapi kabla hujafungua mdomo. Kwa "nyinyi", Wahispania wengi unawaambia "vosotros", wengine wote "ustedes". Na kile kitenzi "coger" ambacho Hispania na Cuba unakitumia kwa basi, teksi na kila kitu, ukipata wageni wa Mexico au Argentina kifungie kwenye buti. Usiniulize kwa nini, kuna watoto humu.

Mwaka 2018 serikali yetu ilipoleta madaktari kama mia moja kutoka Cuba wakagawanywa kwenye kaunti, nilijikuta mkalimani bila kuomba. Nilikuwa sijakigusa Kihispania miaka kadhaa. Msamiati ulikuwa umenitoka, nusu ya majina ya dawa sikuyakumbuka. Lakini "ehee" zangu za Kicuba zilikuwa zipo zote, na yule daktari akaniuliza nimetoka mkoa gani wa Cuba.

---

Mwana wa Mkunazini

Daktari, kwa "usted" nakuunga mkono huko kwenu, lakini hapa Hispania nimpe tahadhari kinyume. Kaka dereva, wewe ni mtu wa shikamoo, najua utawapa wazee wote "usted". Watakukataza. "No me hables de usted, que me haces mayor", yaani unanizeesha. Itakuuma kumwambia "tú" mama wa miaka sabini, mimi iliniuma mwaka mzima. Heshima ihamishie kwenye sauti na kwenye kumfungulia mlango.

---

Dereva wa Ngaramtoni

Wakuu nimerudi. Samahani kwa kimya, nilikuwa porini siku kumi na moja na familia ya watu watano kutoka Valladolid: babu, bibi, binti yao, na kijana wa binti pamoja na mchumba wake.

Siku ya kwanza nilifuta "yo". Peke yake hiyo. Niliandika kwa kalamu ya rangi kwenye karatasi nikaibandika kwenye kioo cha jua, "YO" imekatwa msalaba. Kufika Tarangire bibi aliniuliza kama nimewahi kuishi Hispania. Nikamwambia "¡qué va!" na moyo ukanidunda kama nimepiga penalti.

Za mwitiko za daktari zinafanya kazi kuliko nilivyotegemea. Babu alinisimulia habari ya ng'ombe wa baba yake kuanzia Manyara mpaka Karatu, mimi "claro... ya... no me digas", na nakiri kuna kona nzima sikujua nani alikufa, ng'ombe au baba. Lakini alinisimulia mimi. Siku nyingine zote ningekuwa nimeshamkatisha nimpe urefu wa ukuta wa kreta.

Tena tulipata pancha. Sikuamini. Palepale karibu na Seronera, kama gari linanifanyia mtihani. "Se nos ha pinchado una rueda, venga, cinco minutos, ahora vengo." Hakuna aliyeshtuka, hakuna aliyeuliza kwa nini. Kijana akashuka kunishikia spana. Zilikuwa dakika arobaini, lakini hilo ni suala la jeki.

"Perro" bado. Tulikuta fisi tu, kwa hiyo sikuaibika.

Nimekwama sehemu moja ya heshima. Yule kijana, miaka ishirini na tano hivi, kuanzia siku ya pili akawa ananiita "tío". Nikatazama daftari: mjomba. Nikafurahi sana, nikasema huyu kalelewa vizuri, hata sisi mtaani mtu anakuita mjomba. Nikamwitikia kwa upole wa mjomba, nikawa namchagulia hata ndizi nzuri kwenye boksi la chakula. Sasa juzi, tunapandisha ukuta wa Ngorongoro, namsikia anamgeukia mchumba wake, yule atakayemuoa Mei: "Tía, mira qué vistas."

Sikusema kitu hadi geti la Loduare.

---

Mwana wa Mkunazini

Nimemwaga chai. Kaka, si shangazi yake.

---

Mtoto wa Unga Ltd

Ndiyo maana niliwaambia tumieni hombre.

---

Mwana wa Mkunazini

Na hiyo wanamwambia hata mwanamke.

---

Dereva wa Ngaramtoni

Aa wapi!

Jumapili napokea wengine wanane, wa Sevilla. Daktari, hao ndio wale wa kumeza s?

---

Daktari wa Kisumu

Hao hao. Uwe unajazia mwenyewe.